Mlango Uliofunguliwa kwa Kalamu

Malindi, Jumapili, Mei 1988

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikapumzika kidogo alasiri, kisha ikaanza upya tulipokuwa njiani kurudi nyumbani. Nimelowa na sijabadili nguo. Nimekaa sebuleni na kanga inayochuruzika maji, na Mama yuko uani chini ya paa la makuti, anapepea makaa kama kwamba leo ni siku kama siku zote. Nina hasira. Nimejaribu kutafuta neno la adabu zaidi, mimi mwalimu wa lugha, nimelikosa.

Leo nimewaona watu wazima wakipigia makofi kifo cha baba yangu.

Niandike kwa mpangilio, maana nikirukaruka nitajiona mwendawazimu nitakapoyasoma haya.

Mjomba Athmani si mjomba wangu wa damu. Ni jirani yetu, mwalimu mstaafu, aliyeshuka pamoja na Mama kutoka kaskazini wakati wa vita, mimi nikiwa mchanga. Nusu ya mtaa wetu ni watu waliotoka kijiji kimoja wakati ule, ndiyo maana hapa kila mzee ni mjomba na kila mwanamke ni mama mdogo. Mjomba Athmani ndiye aliyenishika mkono nikaandika alifu yangu ya kwanza. Nilipovunja ungo na watu wakasema sasa basi, msichana akae ndani, ni yeye aliyekuja kumbembeleza Mama nisitolewe shule. Siku niliyomaliza chuo cha ualimu alilia kuliko Mama.

Kwa hiyo gazeti lilipochapa hadithi yake fupi, na ikasemekana imeshinda shindano, nilikuwa wa kwanza mtaani kupiga vigelegele. Mzee Shee, ambaye ndiye msemaji wetu katika kila shughuli, akaamua Mjomba afanyiwe karamu ya pongezi Jumapili. Mimi nikapewa kazi ya kuichambua hadithi mbele ya watu. "Ichambue kitaalamu," aliniambia, "hata asiyejua kusoma aelewe kijana wetu kafanya nini." Kijana mwenyewe ana mvi mpaka kwenye nyusi.

Hadithi inaitwa "Hodi ya Adhuhuri". Ni ya kijiji kilichobanwa na vita. Kuna wenye bunduki wa usiku, wanaokuja kula, na kuna wenye bunduki wa mchana, wanaokuja kuuliza nani aliwalisha wale wa usiku. Kijiji kizima kimewalisha, kwa kuogopa. Huyu katoa unga, yule samli, mwingine mbuzi. Lakini aliyeonekana na kisu mkononi ni mchinjaji, basi wale wa mchana wakaja wakimtafuta yeye.

Mchinjaji anapata habari akiwa kisimani. Ni saa ya jua la utosi, watu wamo majumbani wanakula, milango imerudishwa. Anaingia kichochoroni na kuanza kupiga hodi. Mlango wa kwanza anapiga hodi tatu, kimya. Anakwenda wa pili, hodi tatu, kimya. Anakwenda hivyo mlango kwa mlango, na hapati hata mmoja wa kumwambia karibu. Kila aliye ndani anajua ni nani na anajua anataka nini, na anajua pia kwamba atakayemwingiza atachomewa nyumba. Kila mmoja anajiambia kwamba pengine jirani atafungua. Na kwa kuwa desturi ni desturi, ukipiga hodi tatu usijibiwe wajibu wako ni kuondoka, mchinjaji anaondoka. Hakuna aliyemfukuza.

Msimulizi ni kijana wa nyumba ya tatu. Mwishoni anashindwa kuvumilia, anaacha sahani yake, anafungua mlango na kunyoosha mkono nje. Kichochoro ni kitupu. Kuna jua tu, na kubadhi moja la ngozi kwenye ngazi. Kule kisimani inasikika milio ya bunduki.

Nililia nilipoisoma mara ya kwanza. Kisha nikaichambua, kwa raha zote. Niliandika kwamba mwandishi anatuonyesha jinsi vita vinavyogeuza hata adabu kuwa silaha. Niliandika kwamba mwenye hatia si mmoja, kwamba kimya cha wengi ni mhusika mkuu wa hadithi. Niliandika kwamba mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa ni ishara ya matumaini, kwa kuwa pamekuwa na mmoja aliyeshindwa na woga wake mwenyewe. Nilijipenda sana kwa sentensi zile. Nikawapa na wanafunzi wa kidato cha tatu swali: Nani mwenye hatia katika hadithi hii?

Shuleni nilimwazimisha gazeti Mwalimu Mutiso. Ni mtu wa Machakos, anafundisha hisabati, na ana mazoea ya kuuliza mambo ambayo sisi hatuyaulizi. Aliisoma akinywa chai, akanirudishia.

"Hadithi ni nzuri, mwalimu," alisema. "Lakini huyo mtu si angesukuma tu mlango? Hapo imeandikwa milango ilikuwa imerudishwa. Haikuwa imefungwa."

Nilicheka. Nilimweleza, kwa majivuno ambayo yananichoma sasa, kwamba sisi hatusukumi milango ya watu. Ndani mna wanawake, mna stara ya watu. Mtu wa kwetu hawezi kufanya hivyo hata akiwa anakufa.

"Hata akiwa anakufa," Mutiso alirudia, akaenda zake darasani.

Alhamisi jioni nikamsomea Mama. Mama anasoma herufi za Kiarabu, hizi zetu za shule hazijui, kwa hiyo kila kizuri ninachokipata humsomea. Alikuwa anasuka ukili. Nilisoma kwa sauti yangu ya darasani, nikitua penye kutua. Nilipokuwa nikisoma zile hodi, niliona vidole vyake vimesimama, nikadhani utamu wa hadithi umemshika. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka kijana anafungua mlango.

Mama akacheka. Sijapata kumsikia akicheka vile.

"Athmani alifungua mlango lini?" akasema.

Nikamwambia ni hadithi, Mama, ni ya kubuni.

"Kabuni mlango tu. Hayo mengine ni babako."

Maisha yangu yote nimeambiwa baba yangu alikufa kwa homa. Nimeiandika homa hiyo kwenye fomu za shule. Nimewahi hata kuogopa kwamba ni ugonjwa wa ukoo. Niliambiwa alikuwa na shamba la nazi, na kweli alikuwa nalo, lakini niliyoyasikia Alhamisi ni kwamba alikuwa pia mchinjaji wa kijiji, kwa sababu watu walikiamini kisu chake na bismillahi yake. Nilimwuliza Mama kwa nini alinidanganya. Hakuinua macho.

"Nilisema homa kwa sababu homa haina jirani," alisema. "Ningalikwambia ukweli ungaliwaangaliaje watu hawa? Na sisi hatukuwa na wengine."

Kisha akanieleza. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho katika kile kichochoro, na kichochoro chenyewe kilikuwa chembamba, mtu akipiga chafya nyumba zote zinamwombea rehema. Alizisikia hodi zote. Baba hakuwa akinong'ona kama inavyosema hadithi. Alikuwa akipaza sauti, na alipofika kwa Athmani alimwita kwa jina. "Athmani, ni mimi Omari. Hodi." Walikuwa marafiki hao. Walitahiriwa siku moja. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, mtoto mdogo angeusukuma kwa kidole. Baba akasimama pale na adabu zake.

"Baada ya hodi ya tatu nikasikia komeo," Mama alisema. "Nikashukuru, nikasema, Athmani anamfungulia. Kumbe ndiyo kwanza analitia."

Baba aliposikia komeo likiingia akaondoka. Alipita mbele ya mlango wetu bila kupiga hodi, Mama akazisikia hatua zake. Alipigwa risasi kule kisimani. Alasiri, wale wa mchana walipokwisha kwenda zao, wanaume walimfuata wakamkosha na kumzika, na Athmani alikuwa wa kwanza kutia bega kwenye jeneza.

Sikulala vizuri siku ile. Ijumaa nilikutana na Mjomba akitoka msikitini, nikamwamkia shikamoo kama kawaida, naye akaitikia marahaba kwa ile sauti yake ya upole. "Uchambuzi umefika wapi, mwanangu?" Nikamjibu unakwenda, Mjomba. Nilimtazama mkono. Ulikuwa ni mkono ule ule ulioniongoza alifu, na nilikuwa nikijaribu kuuona ukishika komeo.

Ningeweza kumsamehe woga. Naandika hili nikiwa na hasira na bado naliamini. Mtu ana mke ndani, ana watoto, ana nyumba ya makuti inayongoja kiberiti tu. Wala simchukii kwa kukaa kimya miaka yote hii, maana Mama naye alikaa kimya. Kinachonitia uchungu ni kwamba amekaa akafikiri, akachukua kalamu, akaandika kila kitu kama kilivyokuwa, jua, sahani, kubadhi la baba yangu, na alipofika mlangoni pake akajifungulia. Wengine wote amewaacha na hatia yao. Yeye peke yake ndiye aliyenyoosha mkono. Baba hata jina hakumpa. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilikuwa nimeupa mlango ule wa uongo alama zote na kuuita matumaini.

Jana nilimwambia Mama kwamba nitasema. Alinikataza. Tulizozana, kwa sauti za chini, maana kuta za hapa zina majirani. Alisema mkono usioweza kuukata, ubusu. Alisema hawa ndio waliomwuguza mimi nikiwa chuoni, ndio watakaomkosha akifa. Nikisema, yeye ndiye atakayebaki kuishi humu na maneno yangu, mimi nina kazi yangu na mshahara wangu, naweza kuhamia hata Kilifi. Haya ni kweli. Lakini ningenyamaza, baba yangu angekufa mara ya pili, safari hii akiwa na mwisho mzuri uliotungwa na aliyemfungia, na mchambuzi wake ningekuwa mimi binti yake.

Basi leo alasiri tukaenda. Turubai lilikuwa limetandwa mbele ya nyumba ya Mjomba, wanaume wamekaa mikekani, wanawake ndani nyuma ya pazia na Mama akiwa nao. Kahawa ilizunguka, halua ilizunguka, kaswida ikasomwa. Mimi niliwekewa kiti karibu na mlango, nusu nje nusu ndani, kwa kuwa hawakujua mwanamke mwenye hotuba anakaa wapi. Mjomba alikuwa amevaa kanzu mpya na kofia ya viua iliyodariziwa. Alinitabasamia.

Nikasoma uchambuzi wangu. Niliusoma ule ule, wa kwanza, nikisifu lugha, nikisifu mandhari, nikisema kimya ni mhusika mkuu. Watu walitikisa vichwa. Nilipofika kwenye aya ya mlango nikaikunja karatasi. Nikasema kwamba sisi wachambuzi tuna ruhusa ya kumwuliza mwandishi swali anapokuwa hai, na kwamba mimi ninalo moja tu.

"Mjomba," nikasema, "kabla kijana hajaufungua mlango, komeo lilikuwa limetiwa au halikutiwa?"

Vijana waliangaliana, swali lenyewe waliliona dogo. Lakini wazee wa kaskazini, wale wa mkeka wa mbele, waliinamisha vichwa. Nyuma ya pazia kikombe kiligonga sahani.

Mjomba alivua miwani. Alinitazama, kisha akatazama lile pazia, na nadhani alikuwa akimtazama Mama. Nilitarajia aseme ni hadithi tu, mwanangu. Nilikuwa nimejitayarisha kwa jibu hilo.

"Halikuwa limetiwa," alisema. "Nililitia mimi, baada ya hodi ya tatu. Alikuwa ananiita jina langu. Sikufungua, Rukia. Hapana aliyefungua."

Alisema hivyo. Watu wote walisikia. Kwa muda mfupi kabisa nilimpenda Mjomba kuliko nilivyowahi kumpenda. Nikafikiri, sasa atalitaja jina la baba yangu.

Mzee Shee akasimama. Mzee Shee, ambaye nyumba yake Mama aliniambia ilikuwa ya pili katika kile kichochoro.

"Mashaallah!" akasema, akicheka na kupiga makofi. "Mnaona wenzangu? Hivi ndivyo mwandishi anavyojua kubuni! Ukimwuliza swali anakuongezea hadithi nyingine papo hapo!"

Wakapiga makofi. Walianza wazee wa mkeka wa mbele, kwa nguvu, viganja vikilia, kisha vijana wakafuata kwa kuwa waliona ndivyo inavyopasa. Mtu mmoja akapaza sauti kwamba hadithi ya pili ni kali kuliko ya kwanza, aipeleke gazetini. Watoto wakarukaruka. Na Mjomba Athmani, akiwa bado na miwani mkononi, akatazama kushoto na kulia kama aliyeamshwa usingizini, akakaa. Akavaa miwani. Baadaye kidogo akatabasamu.

Sinia za pilau zikatoka. Tuleni jamani, chakula kinapoa.

Hapo ndipo nilipoielewa ile hadithi, baada ya uchambuzi wote. Nilikuwa nimefikiri kwamba kilichomuua baba ni woga, na woga ni wa siku moja, watu huja wakautubia. Kumbe kuna hiki kingine kinachokuja baada ya woga, ambacho ni hodari zaidi na kina adabu zake. Kinakukaribisha, kinakupa mahali pa kukaa na kipande cha nyama kilichochaguliwa. Mtu alitaka kuungama mbele ya kaumu nzima na kaumu ikamziba mdomo kwa pongezi, kwa kuwa akiungama mmoja itabidi waungame wote. Nilimchukia Shee kuliko Athmani. Bado namchukia. Nikisema nimemsamehe nitakuwa naandika hadithi yangu ya kubuni.

Tumerudi na Mama chini ya mwavuli mmoja usiotutosha. Alipoingia akaenda moja kwa moja kwenye makaa. Nilidhani atanigombeza. Nilimfuata uani, nikasimama, na kwa kuwa siku ilikuwa imekwisha haribika nikauliza lile ambalo tangu Alhamisi nilikuwa nalikwepa.

"Na wewe je, Mama? Alipopita mbele ya mlango wetu. Kwa nini hukufungua?"

Nilikuwa nataka kumwumiza, afadhali niseme kweli. Mama aliweka kipepeo cha makaa chini. Hakukasirika.

"Ulikuwa ukilia njaa tangu asubuhi," alisema. "Nilipozisikia hodi zake kule juu nikakutia titi mdomoni, ukanyamaza. Ningaliinuka ungalilia, na wenye bunduki walikuwa nyuma yake, wangaliijua nyumba. Babako alisimama mlangoni petu. Hakuita. Alikuwa anasikiliza. Aliposikia kimya, akenda zake."

Kisha akaniambia nikabadili nguo, nitashikwa na baridi.

Sijabadili. Kesho kutakucha, mvua inyeshe isinyeshe, na nitaingia darasani kukusanya majibu ya kidato cha tatu. Watoto arobaini na kitu watakuwa wamenitajia wenye hatia, wengine wale wa usiku, wengine wale wa mchana, wengine majirani, na mimi nitatakiwa kuwapa alama. Nitampa nani sahihi? Watu wote wa kichochoro kile walikuwa ndani, kimya, kila mtu na sababu yake.

Mimi nilikuwa nanyonya.